Kikao cha Baada ya Kisomo

Alhamdulillahi, nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe. Naitwa Saidi, mkulima wa korosho, na kijiji chetu hakiko mbali na Mingoyo. Mnaonifahamu tangu zamani, tafadhali msinicheke. Mkinicheka nitasahau ninachotaka kusema.

Kabla ya maradhi nilikuwa mwanamume wa jembe. Tulipohamia kijiji cha ujamaa nilichaguliwa kuongoza kikundi cha kulima. Tulilima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba alitutolea uraka, pombe ya mabibo. Mabibo yenyewe ya bure, yanaoza chini ya mikorosho, nani atayaacha? Nilianza kunywa wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Msimu wa mabibo ukiisha, nahamia gongo.

Ugonjwa ulianzia mikononi. Asubuhi kikombe cha uji kilinishinda, uji ukanimwagikia kifuani. Chakula nikawa natapika. Macho yakawa ya manjano, tumbo likavimba, miguu ikakonda. Siku niliyotapika damu, mke wangu Somoe alinipandisha kwenye lori la korosho mpaka hospitali, Lindi.

Tabibu alinibonyeza ubavuni nikapiga ukelele. "Ini hili," akaniambia, "ukilinywesha tena, msimu ujao wa korosho hutauona. Na usikae peke yako. Tafuta watu wa kukaa nao."

Watu gani? Hapo ndipo wasiwasi uliponishika. Kwetu kila kikao cha wanaume kilikuwa na kibuyu katikati. Ikifika alasiri mate yananijaa mdomoni, jasho linanitoka, nazunguka uani sijui natafuta nini.

Nikajaribu mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akanisimamisha. "Ndugu wananchi, mtazameni mlevi aliyejirekebisha!" Wakapiga makofi, wengine wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Msikitini walinipokea vizuri, sitasema uongo, lakini kila mtu alinipa nasaha, na hakuna aliyeniambia, "Hata mimi." Mwishowe nikarudi kwa wenzangu wa jembe, najidanganya kwamba nitalima tu.

Sasa kwetu sisi, mtu aliyekulimia akikataa kikombe chako, amekutukana. Mwenye shamba hakuwa na nia mbaya, nami sikutaka kumwaibisha mbele za watu. "Onja tu, Saidi, unitunzie heshima yangu." Nikaonja. Nilikuja kupata fahamu siku ya tatu, damu imekauka kwenye shati. Somoe hakugomba. Alikaa mbali nami, akasema, "Baba Zuhura, kukuzika nitakuzika. Kukutazama ukijiua siwezi." Niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitali.

Aliyenishika mkono ni Mama Anastasia, Mmakonde, ambaye kijiji kizima kilimjua kwa kuuza uraka. Tulikuwa darasa moja la kisomo cha watu wazima. Alitazama kalamu yangu inavyotetemeka juu ya karatasi, akaninong'oneza, "Mkono huo naujua. Wangu ulikuwa hivyohivyo. Nimeacha kunywa, na kuuza nimeacha. Kisomo kikiisha usiondoke."

Tulibaki watatu, wa tatu Mzee Chilumba, fundi baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti. Jana nusura ninywe. Wewe je?"

Basi. Hakuna hotuba wala makofi. Tulikaa na birika la chai mpaka saa ya uraka ikapita, ndipo kila mtu akaenda kwake. Nikarudi kesho yake, na siku zilizofuata.

Lakini kijiji kina macho. Saidi, mtu wa swala, kila alasiri yuko na yule mama wa uraka! Maneno yakamfikia Somoe. Mimi sikuwa nimemweleza kitu. Ningemwambiaje kwamba bado naitamani pombe kila siku, na nilishamwapia kwamba imenitoka moyoni?

Siku moja kikaoni nilikuwa nasema, "Leo nimepita kwenye mikorosho, nikasimama nanusa mabibo mpaka machozi yakanitoka." Nikainua macho. Somoe yuko mlangoni, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana. Akaja moja kwa moja, akainama, akaninusa mdomo mbele ya wale wawili. Nilisubiri. Akanusa tena. Ilikuwa chai.

Akaketi kwenye benchi ghafla. "Mimi sinywi," alisema. "Lakini kila ikifika alasiri naogopa. Mnaweza kunipa nafasi?" Mzee Chilumba akasogea, na Mama Anastasia akammiminia chai.

Nilikuwa sijui kwamba na yeye anaumwa. Namshukuru Mola, namshukuru tabibu, nawashukuru wale wawili, na mke wangu nashindwa hata kuanza. Nawe unayetetemeka, nakuambia: kikao cha kwanza kikikushinda, jaribu cha pili, na cha tatu. Pale unapoambiwa uonje kwa ajili ya heshima ya mtu, ondoka, acha wakuone huna adabu.

Mabibo yakianza kudondoka bado naogopa. Naenda, nasema kwamba naogopa, nakunywa chai, narudi nyumbani na Somoe. Tupo pale pa kisomo kila alasiri. Anayetaka kuja aje hivyo alivyo, hata kama leo ananuka pombe. Tutasogea.