Alikataa Cheo Mara Mbili kwa Kuogopa Kodi

Saa nne na nusu asubuhi, redio ndogo iliyozungushiwa bandeji inanguruma dirishani mwa chumba cha kufulia cha hospitali. Wabunge wanavutana kuhusu kodi ya mapato. Karibu na dirisha, mwanamke wa miaka arobaini na sita analipiga shuka pasi, analikunja mara nne, kisha analipapasa taratibu kama anayembembeleza mtoto.

Wenzake humwita Bi Mkunjo. Mikunjo yake imenyooka hivi kwamba wauguzi hulijua shuka lake bila kuuliza.

"Wenye mishahara minono waongezewe ngazi yao ya kodi!" mbunge mmoja anapaza sauti.

"Wako mwembamba?" anamjibu mfuaji mmoja, anayeitwa Spika kwa sababu hakuna ubishi chumbani humo unaopita bila yeye kuuamua.

Wote wanaangua kicheko, na Bi Mkunjo naye. Wiki iliyopita redio hiyohiyo ilikuwa ikimkata maini.

Ana miaka kumi na minne kazini. Katika mitano ya mwisho ameitwa ofisini mara mbili apewe usimamizi wa zamu, na mara zote mbili alikataa kwa adabu, akisingizia magoti. Ukweli aliujua mumewe tu, ambaye ni seremala.

"Nalipwa laki nne na themanini," anaeleza. "Laki mbili za kwanza haziguswi, zinazobaki zinakatwa asilimia ishirini. Nafika nyumbani na laki nne na ishirini na nne. Msimamizi analipwa laki tano na sitini, lakini ukivuka laki tano unaingia asilimia ishirini na tano. Nikadhani inakata mshahara mzima, hata zile laki mbili. Nikapiga hesabu, nabaki na laki nne na ishirini. Yaani nipande cheo, nibebe lawama, halafu nipungukiwe elfu nne?"

Hofu hiyo aliambukizwa na kaka yake, dereva. Alipopandishwa cheo, mshahara wake wa mwezi ule ulishuka, na ukoo mzima ukailaani kodi. Hakuna aliyekumbuka kwamba makato ya mkopo wake wa pikipiki yalianza mwezi uleule.

Jumatatu ya wiki iliyopita aliitwa mara ya tatu, safari hii kwa barua. Ajibu kabla ya Ijumaa adhuhuri, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mtu wa nje.

"Usifikiri sikukitaka kile cheo," anasema akiinamisha macho. "Nilikitamani kama mtu anavyotamani kiatu kilicho dukani."

Alhamisi, mbunge mmoja alisema redioni kuwa kiwango kipya kitakata ile sehemu inayozidi tu, na ya chini itabaki na kiwango chake. Bi Mkunjo akasahau pasi juu ya shuka. Harufu ikapanda.

"We mama! Unachoma mali ya wagonjwa!" Spika akapiga kelele.

"Ngoja kwanza. Kasema sehemu inayozidi?"

"Ndivyo kasema. Kwani ulidhani nini?"

Kwa aibu, akamweleza. Spika, ambaye hucheka hata sabuni ikidondoka, safari hii hakucheka. Alimshika mkono akampeleka kwenye rafu.

"Kila shuka ni elfu kumi," alisema. Wakahesabu mashuka hamsini na sita: ishirini rafu ya chini, thelathini ya kati, sita ya juu. Spika akajitupia taulo begani. "Sasa mimi ndiye serikali."

Rafu ya chini hakuigusa. Ya kati alichukua shuka moja katika kila matano, yakawa sita. Ya juu, moja katika kila manne.

"Hapa napata moja na nusu. Nusu nikate na mkasi?"

"Chukua foronya, mheshimiwa!" wenzao wakamjibu.

Yakabaki arobaini na nane na nusu, yaani laki nne na themanini na tano: elfu sitini na moja zaidi ya anazopata sasa. Bi Mkunjo alirudia kuhesabu mara tatu, kisha akaketi sakafuni akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Miaka mitano naikimbia foronya!"

Karani wa mishahara alithibitisha hesabu hiyo. "Mama, si ungeniuliza tu?"

"Ningekuulizaje, mwanangu, na mtu akikukaribia unatazama saa?"

Ijumaa saa tatu asubuhi alitia saini.

Leo ubishi wa redioni umehamia kwenye meza ya kukunjia. Spika anaipinga ngazi mpya ya matajiri. "Je, nikitajirika?"

"Utakatwa huko juu tu, shoga," anamjibu Bi Mkunjo. "Usiwalilie matajiri na kwao hata hujafika."

Jumatatu anaanza usimamizi. Nyongeza ya kwanza itamnunulia mumewe randa mpya. Lakini kilichomfanya akitamani cheo ni kingine: msimamizi ndiye anayeruhusiwa kuomba vifaa, na chumba hiki chenye wafanyakazi sita hakina hata kiti kimoja. Ombi lake lishaandikwa: viti sita, vyenye egemeo. Mumewe hatavitengeneza, wasije wakasema amejipendelea.

"Tumepiga pasi tumesimama miaka yote, na wanaobishania kodi yetu wamekaa," anasema, akikunja shuka jingine. "Kikao kijacho, na sisi tutawasikiliza tumekaa."