Fundi na Timu Yake ya Kupokezana

Habari ya kifo ilimfikia Dada Mkubwa bila sauti. Alikuwa kwenye cherehani, anaunga mkono wa gauni la mteja, mlango ameuacha wazi ili mwanga uingie. Macho akaja akasimama kizingitini. Huyo alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na mtaani walimwita Bubu mpaka Fundi, mdogo wake Dada, alipowakataza. "Masikio yake yamelala," Fundi aliwaambia, "lakini macho yanafanya kazi ya watu wawili. Mwiteni Macho." Jina likamganda.

Siku hiyo Macho alikuwa na udongo magotini, na kipande cha kamba kilining'inia kwenye kifundo cha mkono wake. Aliinua ngumi mbili mbele ya kifua akaanza kuzizungusha. Hiyo ilikuwa ishara ya Fundi, kwa kuwa Fundi hakutembea kwa miguu. Aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa kuzungusha pedeli kwa mikono. Dada akaitikia kwa kichwa: ndiyo, Fundi, amefanyaje? Macho akazungusha tena, halafu ngumi zikasimama. Hakuzishusha. Zilibaki hewani, huku machozi yakimtiririka.

"Yuko hospitali?" Dada aliuliza.

Macho aliisoma midomo yake, akatikisa kichwa kukataa.

Dada alikata uzi, akalitoa gauni la watu kwenye cherehani, akalikunja. Ndipo akapiga yowe, na majirani wakaja mbio.

Fundi alizaliwa na miguu yake mizima. Homa ilimpata kabla hajajifunza kukimbia, ikamwachia miguu iliyonyong'onyea kama utambi. Mama yao alipofariki, baba naye akatafuta maisha yake mbali na asirudi, na Dada, ambaye naye alikuwa bado mtoto, akawa mama. Alimbeba mgongoni kwenda shule, jua liwake, mvua inyeshe. Watoto wenzao waliwaita Konokono na Gamba Lake. Dada alinyamaza, lakini gamba halikunyamaza. "Afadhali gamba linalojua kusoma!" mdogo wake aliwarushia maneno kutoka mgongoni. "Wewe una miguu miwili na mtihani umekupita mbio!"

Alipokuwa mzito kupita mgongo wa dada yake, aliacha shule, akaketi kwa fundi wa baiskeli wa jirani. Akajifunza kuziba pancha, kunyoosha ringi, kukaza spoku. Kwa vyuma vilivyotupwa akajiundia ile baiskeli yake ya mikono, na siku ya kwanza alipofika nayo mlangoni, alimwambia Dada, "Haya, sasa pumzisha mgongo. Panda wewe." Dada akapanda nyuma, mtu mzima mwenye watoto, akacheka mpaka kitenge kikamfunguka.

Kibanda chake kilikuwa kando ya njia inayofuata ukingo wa reli ya zamani. Njia hiyo ni ya wote. Wapo waendao kwa miguu, wapo wa baiskeli, wapo wasukuma mikokoteni. Pikipiki zimekatazwa, na kibao kipo, lakini kibao hakina meno.

Kila mwaka mji huo hufanya mbio za kupokezana vijiti kwenye njia hiyo. Walemavu walikuwa wakiwekewa viti mwisho wa mbio, wanapewa chupa ya maji na kuombwa washangilie. Mwaka mmoja Fundi akarudi nyumbani amenuna.

"Nimechoka kupiga makofi, Dada. Mikono yangu ina nguvu kuliko miguu ya wale, halafu naitumia kupiga makofi?"

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaunda timu."

Dada alidhani ni maneno ya hasira. Kumbe mwenzake ameshaanza. Alimpata mama mmoja muuza mitumba aliyekatwa mguu, aliyeitwa Mama Magongo, ambaye kwa magongo yake alikuwa akiwaacha nyuma wateja wenye miguu yao. Akampata Kinanda, kipofu anayepiga kinanda kanisani kwao. Na Macho. Wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe, na baiskeli yake.

Mama Magongo hakuweza kushika kijiti, mikono yake yote ina kazi. Fundi akamwomba Dada awashonee mkanda wa kitambaa wa kuvaa shingoni, na kupokezana kukawa ni kuvua na kuvisha. Kazi kubwa ilikuwa Kinanda. Kipofu anahitaji wa kumwongoza, na watu wenye macho hawakupatikana, kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Hapo Fundi akapata wazo ambalo mwingine angeliona wazimu. Akamfunga kipofu na kiziwi kamba moja, mkono kwa mkono. Macho angeona njia, na Kinanda angesikia kengele na honi zinazotoka nyuma. Macho akivuta mara moja, Kinanda anajua pana kona. Kinanda akivuta mara mbili, Macho anajua kuna kitu kinakuja, anawapeleka wote kando, upande wa kushoto.

"Mkiwa kwenye kamba hiyo," Fundi aliwaambia, "nyinyi ni mtu mmoja na nusu."

"Na nusu ni nani?" Kinanda akauliza.

"Nusu ni mimi. Sina miguu."

"Basi njoo tukufunge na wewe, tupate wawili kamili!"

Waliomba njia ifungwe walau saa za mazoezi. Ofisa wa mji akasema njia ya wote haifungwi kwa ajili ya watu wachache. Fundi hakubishana. Waliporudi aliwaambia wenzake kwamba kama ni ya wote, basi na wao wamo. Jioni baada ya jioni walikimbia katikati ya watu. Wengine waliwapisha, wengine waliwatukana, na wapo waliokuja kusimama tu kutazama. Dada alikuwa akipita na kapu lake la nguo, anasimama, anasema moyoni, Bwana walinde hawa.

Bwana hafanyi kosa, ndivyo wanavyofundishwa, na Dada aliamini hivyo tangu utoto. Lakini siku ile majirani walipojaa chumbani na kuanza kuimba, mdomo wake haukufunguka.

Kesho yake, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, timu ilikuja. Kinanda alimshika Macho bega, Mama Magongo akaja nyuma. Baba Mdogo, ndugu wa baba yao, alikuwa amekaa karibu na mlango kama msimamizi wa msiba.

"Tumekuja kuomba," Kinanda alisema. "Tunataka kumbeba Fundi. Kutoka hapa hadi makaburini, kwa kupokezana, kupitia njia ile ile."

Baba Mdogo akacheka kicheko kikavu. "Nyinyi? Asiyeona, asiyesikia, na huyu wa mguu mmoja? Mtamwangusha njiani tuchekwe na dunia. Gari nimeshalipata. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, nilimwambia huyo kijana, hakunisikia."

"Mzee, sisi hatujakuuliza wewe," Mama Magongo akasema. "Tumemuuliza Dada."

Watu wote wakamgeukia. Dada aliwatazama wale watatu, na neno likamtoka kabla hajalipima.

"Mmemuua, halafu mnataka kumbeba?"

Kinanda aliinamisha kichwa. "Ni kweli, Dada," alisema. "Kamba niliivuta mimi."

Dada hakulala, na palipokucha aliwafuata. Aliwaambia, "Nipelekeni. Nionyesheni." Wakaenda wote wanne hadi kwenye kona iliyo karibu na kibanda. Upande wa kulia palikuwa na mtaro unachimbwa, na wachimbaji walikuwa wakirusha udongo juu. Baiskeli zilipita kama kawaida.

"Yeye siku zote alinisubiri upande wa kulia apokee mkanda," Kinanda alisema. "Siku ile kuna mtaro, akahamia kushoto. Mimi nilichelewa, nilikuwa na mazoezi ya kwaya. Yeye akamwambia Macho kwa ishara, akamwambia Mama kwa mdomo. Macho alidhani mimi nimeambiwa. Mama alidhani Macho ataniambia."

"Atakuambiaje wakati hasemi?" Dada akauliza.

"Ndiyo hivyo, Dada. Sisi tulikuwa tumezoeana mpaka tukasahau."

Mama Magongo akaendelea, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona yote. Walikuwa wanakuja kwa kasi. Kinanda akasikia pikipiki nyuma, akavuta mara mbili. Kamba ikiamuru kando, Macho alikuwa haulizi. Alimvuta mwenzake kushoto na kugeuka nyuma kutazama ni nini. Mbele yao palikuwa na Fundi. Angeweza kubaki pale alipo, wakamgonga, wakaanguka wote na kuchubuka. Lakini aliona watamwangukia na kurudi njiani, mbele ya pikipiki. Alizungusha pedeli kinyumenyume kuwaachia nafasi, na magurudumu yakaingia katikati ya njia. Mwenye pikipiki hakuwahi breki. Sasa yuko mikononi mwa polisi, analia kama watu wengine.

Macho, aliyekuwa akifuata midomo yao, alijipiga kifua kwa kiganja, mara kadhaa, mpaka Kinanda akasikia na kumshika mkono.

Dada alikaa juu ya udongo wa mtaro. Mchimbaji mmoja akamwambia, "Mama, hapo utachafuka," naye Dada akainuka. Alitaka mtu wa kumchukia, na hapo mbele yake walikuwa watatu ambao wameshajichukia wenyewe. Hakuwakumbatia. Alisema, "Kusamehe sijaweza, msinidanganye kwamba nimeweza. Niombeeni. Lakini kesho mje mapema. Mtambeba."

Baba Mdogo aliposikia alisema kamba hukatikia pabovu. Dada akamjibu, "Baba Mdogo, nilimbeba mgongoni miaka yote hakuna aliyeniletea gari. Leo pia hatuhitaji."

Wakambeba. Jeneza lilikuwa jepesi kuliko walivyotazamia. Kinanda na Macho walishika mbele, mikono imefungwa kamba, vijana wa kwaya wakashika nyuma. Mama Magongo alitembea pembeni, kila walipotaka kubadilishana akisema, "Shusha, polepole, haya shika." Njia haikufungwa. Wengi wa baiskeli waliteremka na kuvua kofia. Mmoja alipiga kengele mara kwa mara akiwa na haraka zake. Kinanda akavuta mara mbili, jeneza likasogea kando, yule akapita. Karibu na makaburi kijana mmoja wa nyuma alichoka. Baba Mdogo alivua koti, akampa mke wake, akashika ile pembe.

Hawakumwangusha.

Mchungaji alisoma, akaomba kwa ufupi kwa sababu mawingu yalikuwa yamekusanyika. Jeneza likateremshwa. Dada alitupa udongo wa kwanza, kisha Baba Mdogo, kisha timu. Mama Magongo alishindwa kuinama, Macho akamchotea na kumtilia kiganjani. Kwaya iliimba bila kinanda. Dada naye aliimba, ubeti wa mwisho tu. Vijana walishika majembe wakajaza kaburi, wakalisawazisha, wakachomeka msalaba wa mbao wenye tarehe mbili. Mchungaji akatoa baraka. Mvua ikaanza, watu wakanawa mikono kwenye ndoo iliyokuwa getini, wakaondoka wachache wachache, na Dada akaondoka nao.