Kahawa Niliyomkaangia Mjukuu

Mimi kusoma sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu nikatolewa nikalee wadogo zangu. Lakini kukaanga kahawa, hapa Makina yetu ya Kibera hajazaliwa wa kunifundisha. Sisi Wanubi tunakua na harufu hiyo puani. Mama yangu alikuwa akiweka kikaango cha chuma juu ya jiko la makaa, na punje zikianza kutoa jasho na kupasuka, anakiinua vile vile kinafuka, anakizungusha kwa wageni. Kila mgeni anauvuta moshi usoni kwa kiganja, anasema mashallah, ndipo kahawa inatwangwa na tangawizi. Mgeni asiyepelekewa moshi hajakaribishwa. Amepewa kinywaji tu.

Naanza na moshi kwa sababu ndio uliotaka kuniulia mjukuu.

Mjukuu huyo ni mtoto wa binti yangu wa mwisho. Wanakaa Kawangware, upande wa Gatina, ghorofa ya nne, chumba kimoja chenye dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani. Ana miaka minane na mdomo wa miaka arobaini. Pumu ilimwingia akiwa na miaka mitatu. Vumbi kidogo, paka akipita, blanketi likikung'utwa, kifua kinaanza kupiga filimbi.

Likizo moja alikuja kwangu. Asubuhi nilikuwa nimefagia uani, na mimi nikifagia vumbi linakwenda mpaka kwa jirani. Mara namsikia. Kale kafilimbi. Mabega yanapanda, shingo inabonyea kila akivuta pumzi. Nikamwaga begi lake lote kitandani nikitafuta inhela ya bluu, ile ya kupuliza akibanwa. Haikuwepo. Imebaki Gatina. Nikampigia mamake, hashiki simu, yuko kwa watu anafua. Nikasimama katikati ya nyumba na mikono yangu miwili mizima, na sikujua niiweke wapi.

Kwenye jiko kulikuwa na kahawa ya asubuhi. Nyeusi, nzito. Nikakumbuka mama yangu alivyokuwa akimpa kaka yake aliyekuwa na kifua kibaya. Nikammiminia.

"Ni chungu, shosh."

"Kaburi ni chungu zaidi. Kunywa."

Akanywa kikombe kimoja cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, kisha cha pili. Tukakaa mlangoni. Kabla ya adhana ya alasiri mabega yalikuwa yameanza kushuka. Mamake alipokuja anakimbia na inhela mkononi, alimkuta anakula mandazi na kunisimulia habari za mwalimu wake. Alimpulizia hata hivyo. Mimi nilicheka.

Mtaa mzima ulijua. Nilihakikisha umejua. Jirani yangu, mwanamke ambaye hawezi kukusifu bila kukukwaruza, akaniambia, "Sasa wewe ni daktari? Hayo magoti mbona yamekushinda?"

"Magoti si kifua," nikamjibu.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza binti yangu kliniki huko Kawangware. Daktari alikuwa msichana mdogo, koti jeupe limemzidi mabega. Kabla binti yangu hajafungua mdomo, mimi nilikuwa nimeshasimulia kahawa yangu mwanzo hadi mwisho. Nilingoja nikaripiwe. Hakunikaripia.

"Shosho hajadanganya kabisa," alisema, na mimi nikakaa vizuri kwenye benchi.

Akatueleza polepole. Kwenye kahawa, kwenye majani ya chai, kwenye kakao, kuna vitu vya ukoo mmoja vinavyoitwa purini. Hata miili yetu inatengeneza vya ukoo huo. Kuna dawa ya zamani ya pumu ambayo ni ndugu wa damu wa kitu kilichomo kwenye kahawa. Vinalegeza mirija ya kifua kidogo. Na sasa, akasema, wataalamu wanachunguza kama baadhi ya hizo purini zinaweza pia kutuliza ule uvimbe wa ndani ya mapafu, ule unaokuja kifua kikigombana na vumbi au manyoya ya paka. Kwa panya wameona dalili nzuri.

"Lakini panya ni panya, shosho. Kikombe si dawa. Kinasaidia kidogo, muda mfupi, na mtoto akinyweshwa nyingi moyo utamwenda mbio. Akibanwa ni inhela, halafu ni kuja hapa. Na hii inhela ya rangi ya kahawa ni ya kila siku asubuhi na jioni, hata akiwa mzima. Hii ndiyo inatuliza uvimbe."

Maneno hayo nayakumbuka leo yote. Siku ile nilibeba nusu tu, ile ya hajadanganya kabisa. Iliyobaki iliingia sikio hili ikatokea lile.

Kisha akamuuliza binti yangu, "Nyumbani mnapikia nini?"

"Gesi."

"Vizuri. Moshi ni adui yake mkubwa."

Nikatikisa kichwa kukubali. Moshi wa mafuta ya taa, mbaya. Moshi wa takataka zinazochomwa kando ya mto, mbaya kabisa. Moshi wa kahawa sikuuweka kwenye hesabu hiyo. Kwetu ule hauonekani kama moshi. Ule ni makaribisho. Na mimi hakuniuliza napikia nini, kwa nini aniulize, siishi huko.

Kwa hiyo nikaamua kuwapelekea dawa. Kila Jumamosi nilipakia jiko dogo, kikaango, kinu na kahawa mbichi kwenye kikapu, nikavuka mji na magoti yangu haya mpaka Gatina, nikapanda ghorofa nne nikipumzika kila ngazi zinapokata kona. Mara ya kwanza niliwasha jiko kwenye korido. Kijana anayelinda ploti akaniambia, "Mathe, hapa hapana, wapangaji watalalamika." Nikaingiza jiko ndani.

Mngeweza kuniambia nikaange kwangu nije na unga. Binti yangu aliniambia hivyo hivyo. Nikamwambia kahawa iliyolala ni maiti, na mjukuu wangu hanyweshwi maiti. Kiburi kilikuwa kimenijaa. Nilitaka aone inavyotoka mbichi mpaka kikombe, na nilitaka kumzungushia kikaango kama mtu mkubwa. Alipenda sana. Alikuwa anavuta moshi kwa viganja vyote viwili, macho amefumba, halafu anasema, "Mashallah, shosh," kwa sauti nzito ya kuniiga. Halafu anakohoa. Nami nikisikia kikohozi, naharakisha kukaanga ili anywe.

Mnaona nilivyokuwa nazunguka? Nikija anakohoa, akikohoa nakaanga, nikikaanga anakohoa. Jumatatu binti yangu ananipigia kwamba hakulala vizuri. Namwambia, nitaongeza Jumatano.

Siku moja akiwa anakunja nguo alisema, bila kuniangalia, "Mama, naona kama ni hiki kikaango."

"Kikaango kimefanya nini?"

"Siku zile huji, hakohoi hivi."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema ni wewe, mama."

"Umesema siku nisizokuja. Nani mwingine haji siku hizo?"

Akarudi kwenye nguo zake. Nilimlea hivyo, asijibizane na mkubwa. Nilijivunia malezi hayo siku zote, na siku ile yalikuwa yakinisaidia kumziba mdomo mtu pekee aliyekuwa ameona ukweli.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mvua, dirisha limefungwa, na wanawake wawili wa ghorofa hiyo wamekuja kukaa. Wageni! Nikakaanga nyingi. Nikazungusha kikaango kwa wa kwanza, kwa wa pili, kisha kwa mjukuu wangu. Nikamwambia, "Vuta, hii ndiyo dawa yako." Akavuta. Akavuta kwa bidii, kwa sababu alikuwa mbele ya wageni na alitaka kunipendeza.

Hakukohoa. Hilo ndilo lililonitisha baadaye kila nikikumbuka. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Hata kile kifilimbi hakikuwepo. Midomo ikaanza kufanana na majivu.

Binti yangu alikuwa ameshamfikia. Inhela ya bluu, ile chupa ya soda waliyoitoboa ili dawa ipite humo, mdomo wa mtoto, bonyeza, vuta, bonyeza, vuta. Mgeni mmoja alifungua dirisha, wa pili alikimbilia boda boda chini. Mimi nilisimama nimeshika kikaango. Nilikuwa nimeshika kikaango kinachofuka, na sikujua pa kukiweka, chumba ni kidogo, kila mahali ni moshi wangu. Binti yangu aliponipita na mtoto mgongoni alisema neno moja tu: "Mama, toka."

Sijawahi kuambiwa hivyo na mtoto wangu. Nilitoka.

Walishuka mbio. Mimi ghorofa nne zile nilizishuka karibu kwa makalio, mkono ukutani, nikisikia boda boda ikiwaka chini na kuondoka. Nikatembea mpaka kliniki kwenye tope. Ukiwa mzee na mtu wako anakata pumzi mbele huko, unagundua kwamba miguu yako haina habari na moyo wako. Inakwenda tu mwendo wake.

Nilimkuta na barakoa ya mvuke usoni, mashine inanguruma, kifua kinapanda na kushuka. Yule daktari msichana alikuwa anaandika. Anamuuliza binti yangu, "Nini kilitokea? Alikuwa wapi? Kulikuwa na vumbi? Kuna mtu anavuta sigara?"

Binti yangu alikuwa anaangalia sakafu. "Tulikuwa ndani tu, daktari. Ni mvua labda."

Alikuwa ananifichia. Mtoto wake yuko kwenye mashine na bado ananifichia.

"Ni mimi," nikasema. "Nimemkaangia kahawa. Nimempa moshi auvute. Kwa mkono wangu, si mara moja."

Daktari aliweka kalamu chini. Nilitaka agombe. Angegomba ningejua nisimame wapi.

"Shosho," alisema, "ile purini niliyokwambia iko kwenye kikombe. Kwenye moshi hamna kitu cha kumsaidia. Ulikuwa unampa kidogo kwa kikombe na unamnyang'anya kingi kwa kikaango."

Walirudi nyumbani kesho yake mchana. Alhamdulillahi. Lakini msidhani limekwisha.

Kwangu hawezi kuja tena. Ukuta wangu umekula moshi wa miaka hamsini, hata nikipaka chokaa unarudi. Nikienda Gatina naoga, navaa leso iliyoanikwa kwa binti yangu mwenyewe, na bado zipo siku ananikumbatia kisha anageuza uso kando kwa adabu, akikizuia kikohozi. Hapo namwachilia mimi kwanza. Binti yangu hajanilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Hunikorogea kahawa ya kopo, ya unga, kwenye kikombe kikubwa cha chai. Ni maji ya kuoshea sufuria. Naimaliza yote.

Jioni ikifika mjukuu anachukua chupa yake ya soda na ile inhela ya rangi ya kahawa.

"Shosh, nihesabie."

Kuhesabu najua, darasa la tatu linatosha kwa hilo. Anabonyeza, anavuta, anaibana pumzi ndani, na macho yake ananikazia mimi niliyekaa mlangoni, mbali kidogo. Nahesabu mpaka kumi. Kwenye saba huwa najikuta na mimi nimeibana yangu, na siiachii mpaka nione yake imetoka.