Hodi Iliyomtia Mariamu Chini ya Meza

Mwanangu, nikikuona na wenzako mnarusha dadu na kubuni falme, naikumbuka alasiri moja ya ujana wangu huko Marodoka, kijiji cha kisiwa cha Nosy Be.

Mchezo huo tuliletewa na binamu yangu Nasri, baharia. Yeye alisimulia, sisi tukawa mashujaa, na dadu zikaamua nani apone. Majoka yalipotuchosha, Nasri akaazima kisa cha kutisha akakitia katika ufalme wetu: kitu kinabisha milango na kuita watu kwa majina, anayefungua haonekani tena. Wazo zuri, sikatai. Ndimu kidogo hunogesha mchuzi.

Tulikuwa na Mariamu, binti wa shangazi yangu. Yeye na mama yake walihamia kwetu kutoka mji wa Mahajanga baada ya zile ghasia, Wangazija kama wao walipowindwa nyumba kwa nyumba. Alikuwa mdogo mno wakati ule, tulidhani amesahau.

Nasri akagonga meza kwa ngumi. "Mariamu! Fungua!"

Lahaula! Alipiga yowe ambalo sijalisikia tena maishani, akaporomoka chini ya meza, akajiziba mdomo kwa viganja vyake. Kumbe ndivyo mama yake alivyomziba siku ile. Dadu zilitawanyika sakafuni, asiziokote mtu.

Shangazi akaja mbio kutoka jikoni, akaketi chini kando ya mwanawe. Akamtazama Nasri.

"Ulimwuliza kwanza?"

"Shangazi, ni mchezo tu."

"Kwako."

Nasri alilia kama mtoto, akaapa kukiacha kisa kile. Ndipo sauti ikatoka chini ya meza: "Usikiache. Ila anayebisha awe jirani. Sisi alitubishia jirani, Msakalava, mwenyeji wa kule, akatuficha kwake."

Miaka yote ile hatukuwahi kulisikia hilo. Shangazi aliinamisha kichwa. Mariamu akatoka, akaokota dadu mwenyewe, akaurudia mchezo, na jirani alipobisha, akamfungulia mlango.

Basi azima, mwanangu, visa vya kutisha, vya vita, vya mapenzi. Kisa hakina mwenyewe. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na hujui nani mezani aliumwa. Uliza kabla hujaanza, na ukiambiwa "hapa pananiuma", geuza njia bila kununa. Kuuliza si ujinga.

Mola akujaalie ulimi wenye utamu na sikio lenye huruma, na kila atakayeketi nawe ainuke salama. Amina.