Saini ya Mke kwenye Fomu ya Bastola

Mume wangu alichagua bastola kwa kutumia maharage. Nasema kweli kabisa. Alipima kilo moja na robo, akayafunga kwenye mfuko wa nailoni, akaubana kifuani kwa khanga yangu nzuri, kisha akawa anatembea sebuleni kutoka mlangoni hadi dirishani aone kama uzito ule atauzoea. Tulikuwa tukikaa ghorofa ya kumi na nne, mtaa wa Crescent Town, Toronto, na sebule yenyewe ni hatua saba. Nikamwambia, "Baba, ukimaliza kuyalinda hayo maharage uniletee niyachambue, yana mawe."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu sijui lini, na ndiyo maana khanga yangu nilimwachia.

Nyumbani Tanzania alikuwa askari wa wanyamapori, miaka ishirini na miwili, huko kusini. Watu walimwita afande hata sokoni. Tulihamia Toronto kwa sababu yangu, mimi ndiye niliyepata kazi ya kutunza wazee, naye akafuata na binti yetu. Hapa aliishia kupakia maboksi kwenye ghala moja kule Malton, karibu na uwanja wa ndege. Msimamizi wake alikuwa na umri wa binti yetu na alikuwa akimwita kwa kidole. Sikuwahi kukiona hicho kidole, lakini nakichukia mpaka leo.

Halafu ikatokea kazi. Kampuni ya kutafuta madini ilihitaji mtu wa kukaa na wataalamu wao porini, kaskazini huko kunakofikika kwa ndege ndogo tu, awalinde na dubu wanapochukua mawe yao ya kupima. Wiki sita porini, wiki mbili nyumbani. Walipoona karatasi zake za kazi ya zamani wakampigia simu wenyewe. Alikuwa akiongea nao amesimama wima.

Kanada bastola si kitu cha kwenda dukani ukachagua. Mtu wa kawaida, hata akienda kupiga kambi katikati ya dubu, haruhusiwi kuibeba. Ruhusa hiyo hupewa wachache wenye kazi zao huko mbali, na kampuni ilisema itamwombea. Ila kwanza apate leseni yake mwenyewe ya kumiliki silaha. Akasoma siku kadhaa, akafaulu, akarudi na vitabu vyenye picha.

Basi meza yangu ya kulia ikawa ofisi ya bastola. Nilijifunza mambo ambayo sikuyaomba. Kampuni ilikuwa na bunduki ndefu kambini, lakini mlinzi ndiye pia mpagazi, na mtu mwenye mizigo huegemeza bunduki kwenye mti, halafu dubu anatokea upande wa pili. Bastola unayo mwilini muda wote. Usiiweke kiunoni, mkanda wa begi utaizuia. Kaa nayo kifuani. Yeye alitaka ile ya risasi sita zinazozunguka, kwa sababu haina mambo mengi. Ukivuta triga inafanya kazi, hata ikiwa imelowa, hata kama umelala chini na mnyama yuko juu yako. Risasi iwe nene na nzito ifike ndani, maana dubu ana mafuta na misuli. Lakini isizidi nguvu, kwa sababu ikikupiga teke sana risasi ya pili inakwenda mawinguni.

Binti yetu aliuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwa nini asibebe tu kopo la pilipili la kupulizia. Baba yake hakukasirika. Alimjibu kwa Kiswahili kwamba pilipili ndiyo ya kwanza, bastola ni pale kila kitu kimeshindikana, na kwamba dubu wengi ukiwasemesha tu wanaondoka zao.

"Utawasemesha lugha gani?" nikamuuliza.

"Kiswahili. Kiingereza changu watasema hawajasikia, nirudie."

Tulicheka sote watatu. Nilikuwa nampenda sana siku zile, nalisema bila aibu, kama nilivyompenda zamani akirudi kutoka mbugani na vumbi kwenye nyusi.

Fomu ya leseni ina mahali mke anaweka saini kwamba anajua mumewe anaomba silaha. Alinisogezea karatasi baada ya chakula cha mchana, Jumamosi, na kalamu juu yake. Mimi huwa nasoma kila kitu kabla ya kusaini, tabia yangu hiyo inamkera kila mtu. Nikasoma. Kulikuwa na maswali, na moja liliuliza kama katika miaka mitano iliyopita mwombaji amewahi kuwaza kujidhuru, au kuzidiwa na huzuni nzito. Alikuwa ametia alama kwenye hapana.

Sasa niseme kuhusu majira ya baridi yaliyotangulia, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, kanisani wala kazini. Siku moja nilirudi kutoka kazini saa tisa alasiri nikamkuta amekaa kwenye benchi chini ya jengo letu, theluji mabegani. Alikuwa ametoka zamu asubuhi. Hakuwa amepanda juu. Nikamwambia ainuke. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya vitunguu, "Hivi mimi nisipokuwepo, nyinyi mtapungukiwa nini?"

Nikamjibu, "Acha upuuzi, panda juu ule." Hilo ndilo jibu nililompa mume wangu.

Wiki ile akaanza kugawa vitu. Binti yetu akapewa darubini. Jirani akapewa viatu vya mbugani ambavyo hata mimi sikuruhusiwa kuvisogeza. Nikafunga mlango wa roshani na ufunguo nikawa natembea nao ndani ya sidiria mpaka Aprili. Nikioga naushika mkononi. Hakuuliza roshani imefungwa kwa nini, wala mimi sikueleza. Tuliishi hivyo, watu wawili wazima na ufunguo.

Kwa hiyo ile Jumamosi nilikiona kile kisanduku cha hapana. Nilimtazama, naye alikuwa akipangusa makombo mezani, anaimba kichinichini. Nikaweka saini.

Baada ya wiki tatu ilinipigia simu namba nisiyoijua, saa nne asubuhi. Nilikuwa chini kwenye chumba cha mashine za kufulia, natoa mashuka. Alikuwa mwanamke kutoka ofisi inayotoa leseni, mpole, hana haraka. Aliuliza kama mume wangu yuko karibu. Nikasema yuko kazini. Akauliza kama kuna chochote kinachonitia wasiwasi. Nikasema hakuna. Nikasikia anaandika.

Kisha akaniuliza hivi: silaha ikiwa mkononi mwake, yuko mbali, wiki sita, je, wewe utakuwa na amani?

Mkono wangu ulikwenda kifuani, pale ufunguo ulipokuwa ukikaa. Ulikwenda wenyewe. Nikasema, hapana. Neno lile moja likafungua mengine, nikamweleza benchi, nikamweleza darubini, viatu, roshani. Nililia mbele ya mashine kumi na mbili zinazozunguka. Mama mmoja aliyekuwa akikunja nguo za wanawe akasogeza kapu lake akanipa nafasi.

Barua ilikuja. Leseni imekataliwa kwa sasa, anaweza kuleta maelezo ya daktari wapitie upya. Mume wangu alidhani wamekosea mtu. Alikuwa ameshashika simu awapigie, ndipo nikamwambia ni mimi. Nilimweleza yote, nimesimama jikoni, mwiko mkononi. Nikamwambia twende kwa daktari, nitakwenda naye, tutapata barua, kazi bado ipo.

Akakaa chini. Kisha akasema, "Miaka ishirini na miwili nimebeba bunduki ya serikali, hakuna aliyeniogopa. Nimekuja kuogopwa na mke wangu."

"Sikuogopi wewe," nikasema. "Naogopa kukupoteza."

"Mbona ulisaini?"

Nikageukia jiko nikakoroga sufuria, mimi ambaye ulimi wangu haulali. Angenitukana ningejua pa kushika. Nilisaini kwa sababu alikuwa anaimba, na nilimsemea kwa sababu sikutaka anyamaze moja kwa moja. Lakini maneno hayo nimeyapata leo, siku ile sikuwa nayo.

Kwa daktari hakwenda. Kampuni ilisubiri kidogo, ikachukua mwingine. Mwezi wa tisa alihamia chumba cha kupanga Mount Dennis, upande wa pili wa jiji, akaendelea na maboksi yake. Hatukugombana. Alikunja nguo zake vizuri, akaniuliza kama nataka abadilishe taa ya bafuni kabla hajaondoka. Akaibadilisha. Kila Jumapili anampigia binti yetu, nami nakaa chumba cha pili nasikiliza sauti tu. Binti akimaliza ananiambia baba hajambo. Nashukuru Mungu, kisha nakwenda kukaa kitandani upande wake.

Mwezi uliopita binti yetu alipata chumba chake, tukakutana sote kumsaidia kuhamisha vitu. Baba yake alibeba kitanda karibu peke yake. Tulipomaliza nilimsindikiza kituoni, mchana wa jua na baridi kali. Nilikuwa nimejiapiza kutouliza. Nikauliza. Nikamwambia aniambie ukweli, sitalia, kama wangempa ile bastola, angerudi?

Nilitaka jibu moja kati ya mawili. Akisema asingerudi, nitapata usingizi. Akisema angerudi, nitapiga magoti pale pale njiani nimwombe radhi mbele za watu. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

Alitazama barabara, kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa.

"Sijui, mama," akasema. "Na mimi najiuliza kila siku."

Basi likaja. Akanifunga vizuri skafu shingoni, akapanda, akakaa upande wa pili ambako sikuweza kumwona.