Kipande cha Mashine ya Nne

Ofisi ya ramani niliyofanyia kazi Butembo ilikuwa na kompyuta nane kuukuu zilizounganishwa kwa nyaya. Mimi niliziwasha na kuzichunga. Droni ilikuwa imepiga maelfu ya picha juu ya Beni, na mashine moja peke yake ingezishona pamoja kwa wiki nyingi. Kwa hiyo kila moja ilipewa kipande chake, zote zikafanya kazi kwa pamoja, ili mwishoni vipande viunganishwe kuwa ramani moja.

Nilipomweleza mama alisema, "Ni sawa vile kulima kwa kikundi. Kila mutu na mustari yake. Moja akichelewa, bote banangoja."

Tulikuwa tumekimbia vita Mulekera, mtaa wa Beni, na mama alitaka kurudi. Alishapata nafasi kwenye lori la Jumamosi. Aliniomba jambo moja tu: niangalie kwenye ramani kama nyumba yetu ingali imesimama. Kipande cha Mulekera kilikuwa kwenye mashine ya nne.

Alhamisi asubuhi niliona feni yake haizunguki. Chef, mkuu wa ofisi, alikuwa na wageni. Nilisimama mlangoni, haya ikanishika, nikarudi kukaa. Saa sita mashine ikazimika kwa joto.

"Hii ya ine inalala sawa député mu bunge!" chef akasema, na wageni wakacheka. Kisha akanigeukia. "Feni uliiona?"

"Ndiyo, chef."

"Na ulinyamaza?"

Kazi yote ya mashine ile ilipotea. Chef alikigawa kipande chake kwa zile saba, kikaanza upya. Kama ningesema, ramani ingekamilika siku ile ile, na tungekuwa na siku mbili za kumpigia simu jirani wa kule na kuuliza habari za pale.

Ramani ilikamilika Jumamosi asubuhi. Mama alikuja na furushi lake kichwani, akalitua mlangoni.

"Ile ndiyo nyumba?"

"Ndiyo, mama."

"Mabati iko yote?"

"Yote."

Akasogea karibu na kioo cha kompyuta. "Na ile nyeupe pa kiwanja?"

"Muhogo. Banaanika."

"Muhogo ya nani?"

"Sijue, mama."

Akaweka kidole juu ya ile nyeupe. Nilijaribu kuhuzunika, au kuogopa, sikuweza. Nilikuwa naangalia tu kidole chake juu ya kioo. Lori likapiga honi barabarani.

"Basi kuko batu mu nyumba," akasema. "Batanifungulia mulango."

Akaliinua furushi, akatoka.