Wembe Uliompeleka Mtoto kwa Wakubwa

Asubuhi ya Jumatatu, mlinzi wa geti anafungua begi la kinyozi na kulikagua kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Mashine ya kunyolea, brashi, taulo, chupa ya spiriti. Anapapasa mfuko wa pembeni, anachungulia ndani ya kopo la poda, kisha anamtazama mwenye begi.

"Wembe?"

"Hakuna, afande."

"Pita."

Kinyozi anapita, jasho likimtoka ingawa jua halijakolea. Mchana wa leo atasimama mbele ya hakimu na kusema kwamba kuna siku aliupitisha wembe kwenye geti hilihili, ndani ya kopo hilohilo la poda.

Mtaani wanamwita Kipara. Kichwa chake kinang'aa kushinda kioo cha saluni yake, na wateja hawachoki kumwuliza nywele zake zilikwenda wapi. "Zangu niliwagawia nyinyi," huwajibu, "na hakuna hata mmoja aliyesema asante."

Kila Jumatatu hufunga saluni na kuja kwenye kituo hiki, wanakozuiliwa vijana walioingia nchini peke yao kuomba hifadhi. Hakuna anayemlipa. Katika siku sita za kutafuta riziki, moja anaitoa hapa, na pengo analiziba mkewe kwa cherehani.

"Mwanzoni nilinuna," anasema mkewe. "Nikamwambia, baba, wema haupikwi ukaiva. Siku moja akanileta nione. Nikakuta watoto nywele zimesokotana, nguo zinawavuka, hakuna mtu mzima anayewagusa ila kuwapekua. Nilirudi nyumbani nikashona suruali mpaka mkono ukagoma."

Baada yake akaja mwenye genge la matunda, kisha fundi viatu, kisha mwalimu mstaafu anayewafundisha vijana kusoma. Hawana undugu wowote na waliomo ndani. Walinzi wamezoea kuwaita "ndugu wa Jumatatu".

Leo Kipara ananyoa kwenye korido bila utani wake wa kawaida. Vijana wanakaa kitini mmoja mmoja, wanainamisha vichwa, wanasikiliza mlio wa mashine.

"Fundi, Kimya atarudi?" anauliza mmoja wao.

"Leo tutajua, mwanangu. Tulia nisikukate sikio."

Kimya yuko upande wa pili wa ukuta, kwenye bweni la watu wazima. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu alipofika alikaa muda mrefu bila kusema neno. Hakuwa na karatasi yoyote. Alipofungua mdomo alisema ana miaka kumi na sita.

Wiki za mwanzo hakukubali mtu amguse kichwa. Kipara hakumlazimisha. Alikuwa akimwekea kiti, anamsalimu, anaendelea na wengine. Siku kijana alipokuja kukaa mwenyewe, alikuwa na ombi. Maofisa wangemwita wiki iliyofuata kuamua kama kweli ni mtoto.

"Aliniambia, fundi, nitengeneze niwe msafi, wanione nina adabu," anakumbuka Kipara.

Kidevuni alikuwa na vinyweleo laini, vile ambavyo mvulana hujitazama kwenye kioo akidhani ni ndevu. Mashine haikuvipata, na ndani ya kituo wembe ni marufuku. Kipara akaona haya kumwachia mteja kazi nusu. Jumatatu iliyofuata akaja na wembe.

Alimpaka povu, akamnyoa kidevu, akamchonga paji la uso likanyooka. Kijana akainuka anameremeta kama bwana harusi, na korido nzima ikampigia makofi.

Siku mbili baadaye maofisa walimtazama, mmoja akamshika kidevu. Ngozi changa iliyopitiwa na wembe ilikuwa imetoa vipele na inakwaruza. Wakasema huyu ananyoa ndevu, huyu ni mtu mzima. Inauma kuliandika hili: uso wa mtoto ulikuwa ndio ushahidi pekee waliokuwa nao, na ulikuwa umebadilishwa na mtu aliyempenda.

Jioni ile akahamishwa. Kwa taratibu za kituo hiki, mtoto hawezi kurudishwa kabla kesi yake haijasikilizwa. Mtu mzima anaweza kupakiwa kwenye gari la mpakani siku yoyote.

"Nilijisifia mkono," anasema Kipara. Anaongea huku akikung'uta brashi ambayo haina hata unywele. "Ndiyo kosa letu vinyozi. Mtu akikaa kitini hatumwoni tena mtu, tunaona kichwa. Nilitaka kazi yangu ionekane. Basi, ikaonekana."

Wakili anayejitolea kuwatetea vijana hawa, binti wa umri wa mwanawe, hakumficha kitu. "Mzee, ni wewe pekee unayeweza kusema kidevu kile hakikuwahi kukutana na wembe. Lakini ukisema, utapoteza kibali cha kuingia, na wanaweza kukushtaki."

Kipara alirudi saluni. Alimaliza wiki nzima akiwanyoa wateja bila kupiga soga, hadi mkewe alipozima redio ya saluni na kumkalia mbele.

"Kinyozi hajinyoi, baba. Hili hutaliweza peke yako. Twende wote."

Ndivyo inavyokuwa. Mchana, chumba cha kusikilizia mashauri, mwishoni mwa kituo, kinajaa ndugu wa Jumatatu. Mwenye genge amekuja na aproni yake. Viti havitoshi, wanasimama ukutani. Kimya ameketi mbele, mabega yamemwanguka, na hageuki kuwatazama.

Kipara anaeleza yote. Anataja wembe, kopo la poda, na povu.

"Unajua unachokikiri?" anauliza hakimu.

"Najua, mheshimiwa."

"Mbona hukusema mapema?"

"Niliogopa. Nilikuwa nikiomba mgundue wenyewe, nami nisitajwe."

Hakimu anamgeukia mlinzi wa bweni la wakubwa. Huko watu wanaruhusiwa kunyoa? Hapana, anajibu mlinzi, mwenye ndevu anakaa nazo. Hakimu anamwita kijana asogee dirishani penye mwanga. Ni zaidi ya mwezi sasa tangu anyolewe. Hakimu anamtazama kwa muda ambao ndugu wa Jumatatu wanaona hauishi. Kidevuni hakuna ndevu. Kuna vinyweleo vilevile laini.

Atahesabiwa kuwa mtoto, anasema hakimu. Mwenye genge anaachia kigelegele, ananyamazishwa. Kibali cha kinyozi kimefutwa kuanzia leo, na suala la wembe litapelekwa polisi. Kijana anaweza kusubiri kesi yake nje ya kituo, ikiwa ipo familia ya kumpokea.

"Ipo," anasema mke wa Kipara, tayari ameshasimama. "Chumba kipo, kitanda kipo."

Ofisa wa kituo anapinga. Mtu aliyeingiza wembe mahali kama hapa, anasema, hawezi kukabidhiwa mtoto. Hakimu anafikiri kidogo, halafu anamwuliza Kimya mwenyewe.

"Unataka kukaa na mtu aliyekuletea matatizo haya?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Kijana anageuka kwa mara ya kwanza. "Tangu nitoke nyumbani, watu wazima wengi wamenikosea. Huyu ndiye wa kwanza kusema amenikosea."

Hakimu anakubali. Kipara anajifunika uso kwa taulo la kazini na kulia bila kujificha.

Baadaye, nje ya geti, mkewe ameshapanga mambo: Jumatatu ijayo ataingia yeye na mashine, maana mkono uliozoea makasi hauwezi kushindwa na nywele. Kipara hana uhakika atakuwa wapi. Polisi wakimwita, anasema, atakwenda. Analo ombi moja tu.

"Ndevu za huyu zitaota kwa wakati wake, bila mtu kuzivuta. Siku hiyo naomba niwe huru, niwepo. Atanyoa mwenyewe. Mimi nitamshikia kioo."